Mafuta ya Maboga kwa Mdogo Wangu

4 Februari

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaituma, maana najua utaisahau. Huku kwangu wote wazima. Mguu wangu wa kushoto unagombana na ngazi kama kawaida. Mashine yangu ya kukamua mafuta imewekewa mkanda mpya, inanguruma vizuri, na chumba cha nyuma chote kinanuka ufuta. Shemeji yako anakoroma barazani mchana kutwa, ukimwamsha anasema alikuwa anafikiri.

Habari kubwa ni ya mpwa wako. Keti kwanza. Amepandishwa cheo kule maabara! Sasa ana meza yake peke yake, ana koti jeupe lililotariziwa jina mfukoni, na amekabidhiwa ufunguo wa chumba chenye mashine ya kupima mafuta. Unatia tone moja tu, mashine inakutajia kila kilichomo ndani, kimoja kimoja. Mtoto aliyekuwa akipanda juu ya kiti akiona mende! Nimewaambia majirani wote, na ambao hawakuuliza nimewaambia mara mbili.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hukai. Ukisikia neno choo, mtandao wako unakatika. Usimgombeze wifi yangu. Hakutaka kusema, mimi ndiye niliyembana. Anasema usiku unaamka mara nne, mara tano, na unasimama chooni muda mrefu mpaka anadhani umelala wima. Najua hayo ni mambo ya kiume na mimi ni dada yako. Lakini mgongo huu ulikubeba ukiwa mdogo na uliulowanisha sana, kwa hiyo mimi na mkojo wako tunafahamiana tangu zamani.

Nilimwandikia mpwa wako kumuuliza. Amenijibu kitaalamu hasa, barua ya kupigwa chapa. Yenyewe siitoi nyumbani, imo kabatini pamoja na vyeti vyake, ila nakunakilia hapa kwa mkono wangu:

"Mama, mafuta ya mbegu za maboga yana asidi za mafuta ambazo mwili unazihitaji na hauwezi kujitengenezea wenyewe. Yana pia viini vya mimea ambavyo watafiti wamevichunguza kwa wanaume ambao tezi dume yao imekua na kubana njia ya mkojo. Baadhi yao, baada ya kuyatumia kila siku kwa miezi kadhaa, walipata nafuu."

Umeona? Na nani anakamua mafuta ya mbegu za maboga safi kuliko mimi? Nimempa dereva wa basi chupa mbili akuletee. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Ni mimi dada yako, mama wa mtaalamu.


27 Februari

Dada,

Shikamoo, na hii ihesabu ya mwaka mzima.

Sisi wazima. Wifi yako ana mafua na ana mdomo. Mafua yatapona. Kazi ipo: shule zimefunguliwa na kila mzazi amekumbuka sare siku ileile. Karakanani bado tumo wawili, mimi kwenye mashati na makoti, na mwenzangu wa suruali, yule tunayemwita Pasi kwa kuwa akikasirika hachelewi kuwaka ila kupoa ni kazi.

Mpwa wangu mpe hongera. Mwambie mjomba wake amemtangaza kwa wateja wote, na kifua kimevimba mpaka vifungo vinalalamika.

Hilo jingine ni chai. Nakunywa chai nyingi, basi.

Mafuta yamefika. Kwenye chupa niliyaona meusi, kumbe ukiyamimina ni kijani kibichi. Nimelijua hilo kwa sababu tone moja liliangukia kola ya shati jeupe la mteja, nikalazimika kukata kola nyingine. Ladha yake ni ya karanga zilizokaangwa na mtu mwenye mawazo mengi. Ninakunywa kwa kuwa mpwa wangu ndiye aliyesema. Ungesema wewe peke yako, ningekaangia mayai.

Mdogo wako, fundi.


25 Machi

Mdogo wangu msumbufu,

Tumshukuru Mungu, tuko wima. Shemeji yako ameng'olewa jino, sasa anaongea kwa miluzi. Mpwa wako ametumwa na wakubwa wake kwenye mkutano wa siku mbili, amekaa meza moja na maprofesa, na ameniletea kalamu ya huko. Ndiyo ninayoandikia. Tazama wino ulivyo.

Wewe na chai yako! Haya, mwache chai abebe lawama. Niambie tu: kijiko kinasaidia?

Maana huku kwangu ni maajabu. Nimebandika karatasi kwenye chupa, nimeandika kwa herufi kubwa: MAFUTA YA MTAALAMU, KWA AFYA YA WANAUME. Wanakuja, mdogo wangu! Wanakuja kimya kimya. Mmoja anasema ni ya kupikia, mwingine eti ametumwa na mke. Mwalimu mstaafu wa jirani aliizunguka meza yangu mara tatu akiuliza habari za ufuta, halafu akanyoosha kidole kwenye chupa za maboga bila kuziangalia. Nikamfungia kwenye gazeti kama kitu cha wizi. Na kila mmoja namwambia, haya si maneno yangu, ni ya binti yangu wa maabara.

Mpwa wako ananiuliza kila akipiga simu, "Mjomba anaendeleaje?" Namwambia anaendelea vizuri. Usiniangushe.

Nakutumia chupa tatu nyingine, na moja ya mafuta ya mbegu za kitani, hayo yana asidi za namna nyingine. Hayo usiyatie kwenye moto. Mwagia kwenye kachumbari.

Dada yako.


6 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Sare zimekwisha, zikafuata suti za harusi tatu za watu wa ofisi moja, kila mmoja anataka yake imzidi mwenzake.

Wifi yako hajambo. Mafuta nakunywa, hata siku moja sijaruka.

Unauliza kama yanasaidia. Sijui nikujibu nini. Wiki ya kwanza niliona kama yamesaidia. Nimehamishia cherehani yangu karibu na mlango wa nyuma, ni rahisi zaidi. Maji nimepunguza, baada ya saa kumi sinywi kitu. Kwenye zile harusi sikwenda, nilituma suti peke yake. Lakini ni uzee, na uzee hauna fundi.

Jana nimegombana na Pasi. Aliweka mkasi chini akaniambia mbele ya mteja, "Wewe mzee, tangu asubuhi umekwenda huko nyuma mara kumi na moja, nimehesabu. Na ukienda hurudi. Kapimwe!"

Nikamwambia, "Wewe shona suruali."

"Suruali naishona. Wewe tezi hiyo utaishona na nani?"

Mteja alicheka, mimi nikawaka. Nikamwambia mimi nina mpwa anayesoma mafuta kwa mashine, aliyenifikiria akaandika barua ya kitaalamu, na ndani ya barua hiyo hakuna neno hospitali hata moja. Angeona ninahitaji kupimwa, angeandika. Yeye ni mtoto wa dada yangu, angenificha? Pasi akaokota mkasi wake akarudi kwenye suruali. Nilimshinda kwa barua yako, Dada. Ninaitunza ndani ya droo ya vifungo.

Mdogo wako.


11 Mei

Mdogo wangu,

Leo sina salamu ndefu. Wote wazima. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, na nimemwapisha.

Barua ya mpwa wako ilikuwa na ukurasa wa pili. Sikukunakilia. Nakunakilia sasa, kila neno, na karatasi yenyewe naiambatisha ili uone kwamba safari hii sikupunguza:

"Lakini Mama, tafadhali nisikilize hapa. Hicho ni chakula kizuri, si dawa. Hakuna mafuta yaliyothibitishwa kuponya tezi dume wala kuzuia saratani yake, na kuhusu mafuta ya kitani watafiti bado wanabishana. Mjomba ana miaka sitini na miwili. Kabla ya kijiko cha kwanza aende hospitali wampime mkojo na damu, na daktari amguse. Tezi iliyokua tu na tezi yenye saratani zinaweza kumsumbua mtu kwa namna moja, mtu hawezi kuzitofautisha akiwa nyumbani. Akianza kuona mkojo unagoma, asingoje hata siku moja. Mwambie ni mimi ninayemwomba."

Hata ule ukurasa wa kwanza nilikuibia neno. Yeye aliandika "walipata nafuu kidogo." Hiyo kidogo niliiruka kama dimbwi.

Unataka kujua kwa nini. Nilipousoma ukurasa ule nilikasirika. Nimemsomesha kwa mashine hii, halafu ananiambia mafuta yangu ni chakula tu, kama vile ninauza vitunguu. Nikasema, mwache, haya ya hospitali nitamwambia mdogo wangu baadaye, kwa mdomo. Baadaye nikabandika karatasi kwenye chupa, watu wakaja, na kila siku ikawa ngumu zaidi kusema. Mpwa wako ameniuliza mara tatu, "Mjomba ameshapimwa?" Wewe nilikuandikia kwamba anauliza unaendeleaje. Si kweli, alikuwa anauliza hilo.

Maji unapunguza. Cherehani umeihamisha. Umekwenda mara kumi na moja asubuhi moja. Nimeisoma barua yako, nikaenda moja kwa moja kabatini.

Nenda hospitali. Nitukane ukirudi.

Dada yako.


2 Juni

Mdogo wangu,

Wiki tatu hakuna jibu. Dereva anaapa kwamba alikupa mkononi. Wifi kwenye simu anasema, "Yupo, dada, atakuandikia mwenyewe," halafu anaulizia habari za mguu wangu. Mguu mzima. Niandikie hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Dada yako.


9 Juni

Dada,

Shikamoo.

Wifi yako nilimkataza asikuambie. Nilitaka niseme mwenyewe, na kwa muda sikutaka kusema chochote.

Barua yako ilifika siku ya pili. Niliisoma nimekaa kwenye cherehani, nikaikunja, nikashona mikono miwili ya koti, yote nikaikosea. Nilikasirika siku tatu. Sikwenda hospitali kwa hasira, ili nikukomoe. Ndiyo akili za ukoo wetu. Siku ya nne asubuhi nikaenda chooni, pakawa pakavu. Hata tone. Mpaka adhuhuri tumbo limekuwa gumu kama ubao wa kukatia nguo, natokwa jasho, sijui nikae vipi. Aliyenipeleka ni Pasi. Hakusema "nilikuambia" hata mara moja, na kwa mtu kama yule huo ni muujiza.

Wakaniwekea mpira wa mkojo. Dada, sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yule nesi dakika ile. Daktari ni mwanamke, umri wa mpwa wangu. Alinigusa huko kwa kidole, mimi nikiwa nimegeukia ukutani nahesabu vigae. Akasema tezi ni kubwa, kibofu kimechoka kusukuma, na figo zilishaanza kulemewa. Ningekaa hivyo wiki chache zaidi zingeweza kuharibika. Nikamuuliza kama ni mafuta. Akasema, "Hapana, mzee. Mafuta hayakukudhuru. Muda ndio uliokudhuru." Kipimo cha damu kimekuwa juu, kwa hiyo wamechukua vinyama vidogo wavichunguze kama kuna saratani. Majibu bado.

Sasa niko nyumbani na mpira wangu na mfuko. Mfuko wa hospitali ulikuwa unaning'inia vibaya, nimeushonea ala ya kitambaa cha suti yenye mkanda wa kuvaa pajani. Nesi aliyekuja kunitazama ameniomba nimshonee sita za wagonjwa wengine.

Mpwa wangu alipigiwa simu na wifi yako, akasafiri siku nzima akaja wodini, nami nikamwomba naye asikuambie. Alisoma cheti changu kilichoning'inia kitandani kuliko alivyonisoma mimi. Akaniuliza, "Mjomba, Mama hakukuambia?" Nikamwambia aliniambia. Hayo mengine ni yako kumweleza, Dada. Mimi sitakusemea wala sitakuchongea.

Na nikuambie moja nawe. Nilijua. Tangu mwaka juzi nilikuwa najua kwamba huu si uzee wala chai. Nilimwona fundi mmoja wa hapa alivyokwisha kwa tezi hiihii, nikaogopa. Barua yako ilinipa sababu ya kukaa, nami nilikuwa naitafuta. Ukurasa wa pili ungefika Februari huenda ningeuweka chini kabisa ya vifungo. Huenda. Hatutajua, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba hatutajua.

Mdogo wako.


23 Juni

Mdogo wangu,

Nimelia, nimemaliza, sasa naandika. Mguu, mashine, shemeji yako, wote wapo.

Mpwa wako alikuja Jumamosi. Nilimpakulia, hakula. Nikamweleza mbele ya baba yake, sikuficha hata ile kidogo. Aliisukuma sahani pembeni. Nilitamani apige kelele. Halafu akasema, "Mama, ukinisifia kwa watu, mimi nafurahi. Lakini ulinisifia mpaka ukanifunga mdomo." Akainuka, akachemsha maji, akajaza karai, akaanza kutumbukiza chupa zangu moja moja na kubandua zile karatasi kwa ukucha. Nikakaa upande wa pili wa karai, nami nikabandua. Chupa arobaini na moja. Hatukusema neno, ila mwishoni aliniambia, "Hii hapa imebaki gundi," basi nikajua atarudi kuongea nami.

Sasa nimeandika: MAFUTA YA MBEGU ZA MABOGA, CHAKULA. Na ukutani, juu ya mashine: MWANAMUME UNAYEAMKA AMKA, PITIA HOSPITALI KWANZA, MAFUTA YATAKUSUBIRI. Mwandiko wangu mwenyewe, na nisijisifu, lakini hata mchora mabango wa sokoni hanifikii.

Wanaume niliowauzia nimewafuata mmoja mmoja. Ni aibu gani hiyo, mama mzima kumsimamisha mwalimu mstaafu barabarani kumwambia akapimwe kibofu! Aliniangalia kama nimempiga kofi. Kesho yake akaja na kofia mkononi, akauliza, "Hospitali unaingilia mlango upi?" Wawili wamekataa katakata. Wengine sijawapata.

Majibu ya vinyama je? Usiku silali, nawe sasa ndiye unayelala.

Dada yako.


12 Julai

Dada,

Shikamoo. Wifi yako amekaa hapa pembeni, anahakikisha siachi kitu.

Majibu: hakuna saratani. Daktari ameyasoma mara mbili kwa sababu nilimwomba. Tezi imekua tu, basi. Wataendelea kunipima damu kila baada ya miezi sita, na nimekubali kwa maandishi.

Wiki iliyopita wameikwangua kwa kupitia njia ileile ya mkojo, tumbo halikupasuliwa. Jumanne wakatoa mpira. Nesi akasema, "Mzee, leo unatufanyia mtihani," akanipa jagi lenye mistari ya kupimia. Nikaingia chooni na jagi langu, wifi yako mlangoni, Pasi nyuma yake, naye aliacha suruali ya mteja mezani kuja kusikiliza.

Dada, nimekojoa mwenyewe. Kwa nguvu, kama nilivyokuwa na miaka ishirini. Nilisimama pale nikacheka peke yangu, na Pasi akanijibu kutoka nje, "Punguza, jengo la watu hilo!"

Hasira imekwisha. Ilikwisha zamani, nilikuwa naitafuta tu jana nisiione.

Mdogo wako, fundi.


20 Julai

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Barua yako nimeisomea hapa mlangoni kwangu, kalamu ya tarishi wa posta bado mkononi, hata sahihi ya kuipokea sijamalizia. Nilipofika pale kwenye jagi nikapiga ukelele. Shemeji yako akatoka mbio na kiatu kimoja, anauliza nani amekufa. Nikamwambia, hajafa mtu, mdogo wangu amekojoa! Akakaa kwenye ngazi, akafunika uso. Miaka yote hii ya ndoa sijamwona mume wangu akilia, amekuja kulilia mkojo wako. Alipojifuta ndipo akasema, taratibu, kwamba naye huwa anaamka mara tatu. Miaka miwili! Na mimi nalala naye kitanda kimoja, nagawia mtaa mzima mafuta! Jumatatu tunakwenda wote wawili, mpwa wako ameshapanga siku, na mimi nitakaa nje nimshikie kofia.

Mpwa wako nimempigia kumsomea barua. Nikasikia anavuta pumzi kwa pua, halafu akasema, "Nisomee tena hapo kwenye jagi, Mama."

Basi nikarudi kwenye mashine, siwezi kukamua, siwezi kukaa. Wateja walikuwa wanne, nikawatangazia wote. Mdogo wangu amekojoa mwenyewe, Jumanne, kwa nguvu, jagi zima! Wakapiga makofi. Mama mmoja mgeni, hajawahi kufika hapa, akanishika mkono kwa furaha, akanipongeza, akauliza huyo mdogo ana miezi mingapi.

Nikamwambia ana miaka sitini na miwili, na hakuna anayeshona koti kama yeye.

Dada yako.